Kupakua ni Bure

Kila asubuhi Bi Santuri alianika majarida jinsi watu wengine wanavyoanika nguo. Alifunga kamba kutoka kwenye nondo ya dirisha hadi kwenye msumari wa mlangoni, akayabana kwa vibanio, majalada yakitazama barabarani, na jioni akayaanua. Kama siku hiyo hakuna aliyenunua, na siku nyingi hakuna aliyenunua, aliyapanga kwa uangalifu uleule na kusema, "Bado hayajakauka." Ulikuwa utani wake mwenyewe, na hakuhitaji mtu wa kuucheka.

Ndani ya duka kulikuwa na santuri kwenye rafu za mbao, kanda kwenye kabati la kioo, na sidii kwenye stendi ya kuzunguka ambayo ilikuwa imeacha kuzunguka. Kulikuwa pia na mashine ya kupigia santuri, nzima kabisa, ila haikuwa na sindano, na mtu pekee aliyekuwa akiuza sindano mjini, siku hizi aliuza makava ya simu. Kwenye kona ya kaunta ilifungwa kengele ya baiskeli. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya duka: santuri ikiuzwa, Bi Santuri aliipiga mara moja, kring, mtaa mzima ukajua. Enzi za neema fundi cherehani wa mlango wa pili aliwahi kuja kulalamika kwamba kengele ikilia mkono wake unashtuka, na suruali za watu zinapinda. Sasa suruali zote zilikuwa zimenyooka. Ndani ya kengele alikuwa amehamia buibui, naye hakuwa na wa kumsumbua.

Mume wa Bi Santuri alikaa nyuma ya kaunta kwenye kigoda, kipande cha shati kuukuu mkononi, akifuta vumbi boksi moja tu. Mtaa ulimwita Mzee Kiitikio. Ujana wake wote alikuwa mwitikiaji katika bendi: mwimbaji wa mbele akitoa neno, yeye na wenzake wa nyuma wanalirudia, na akifika nyumbani shingo inamuuma kwa kuchangia kipaza sauti na watu wafupi. Mara moja tu maishani alisimama mbele. Alirekodi wimbo wake mwenyewe, "Nirudishie Mwavuli", akautoa kwenye santuri, na picha yake ikawekwa kwenye jalada: kajishika kiuno, katazama juu, mtu anayeshuku mawingu. Watu wa rika lake waliinunua kiasi. Kisha zikaingia kanda, zikaja sidii, zikaja hizi za leo, na boksi la mwisho likabaki pale.

Hakulitangaza. "Kizuri chajiuza," alisema, "kibaya chajitembeza." Alikuwa akisema hivyo tangu ana meno yote. Utajiri hakuutaka. Alichokitaka, mkewe alikijua neno kwa neno, maana alikisikia kila siku: amwone kijana mmoja, aliyezaliwa baada ya wimbo, aingie dukani, atoe pesa yake mwenyewe, aondoke na santuri ile kwapani, kengele ikilia nyuma yake. Mmoja tu. Akishapita huyo, alisema Mzee Kiitikio, hata vumbi lije, atalikaribisha lenyewe likae.

Vijana walikuwa wakiingia, tusiwasingizie. Waliingia, wakaamkia vizuri, wakainusa santuri, wakaikumbatia na kupigana nayo picha, kisha wakairudisha kwenye rafu kichwa chini. Majarida waliyafunua palepale kwenye kamba, shingo upande, wakasoma hadithi mpaka mguu ukafa ganzi, na wakaenda zao. Walikuwa watoto wenye adabu. Hakuna aliyeondoka bila kusema asante.

Siku moja mjukuu wao, fundi simu mwenye kibanda chake ng'ambo ya barabara, alikuja kunywa chai, akamkuta bibi yake anaanua.

"Bibi, nikwambie kitu usinikasirikie?" alisema. "Watu siku hizi hawanunui nyimbo. Wanapakua."

Bi Santuri alisimama na kibanio mkononi.

"Wanapakua?"

"Wanapakua, bibi."

"Wote?"

"Wote. Hata mimi."

"Tangu lini?"

"Ah, zamani. Tangu niko shule."

Bi Santuri alikaa chini. Kilichomuuma si kukosa wateja, hilo alishalizoea. Kilichomuuma ni kwamba jambo kubwa namna ile lilipita mlangoni kwake, na mjukuu wa damu yake akanyamaza. "Miaka yote hii," alisema, "nimekaa hapa nauza nyimbo mbichi, kumbe watu wanazitaka zilizoiva."

Mjukuu alifungua mdomo kumweleza, lakini akaitwa kutoka ng'ambo, kioo cha simu ya mtu kimepasuka, akakimbia. Mambo mengi ya dunia hii yameharibika, na mengine yametengenea, kwa sababu mtu aliitwa kabla hajamaliza kusema.

Kesho yake Bi Santuri alifungua duka akiwa na jiko la gesi, ile sufuria kubwa inayotoka stoo wakati wa harusi na misiba tu, na upawa. Kwa majaribio alichagua santuri ya bendi fulani ya matarumbeta ambayo hata wapigaji wenyewe hawakupata kuinunua. Aliiosha, akailaza ndani ya sufuria, akaifunika kwa maji na kuwasha moto mdogo.

"Utatia chumvi?" aliuliza Mzee Kiitikio.

"Wimbo unakuja na chumvi yake."

Maji yalipopata moto santuri ililegea, kisha mistari yake ikaanza kufumuka polepole, kama uzi wa sweta, ikapanda na kuelea juu. Bi Santuri alikoroga kufuata upande inakozungukia santuri. Alipojaribu upande wa pili, wapigaji walianza kuvuta pumzi badala ya kupuliza, akaacha. Mvuke wa kwanza ulinuka vumbi. Wa pili ulikuwa tarumbeta.

Fundi cherehani alitokea na kikombe. "Shemeji, mnapika nini leo?"

"Muziki."

Alipakuliwa kidogo. Akasimama pale mlangoni na kikombe chake, akausikiliza mpaka ulipopoa, akafikiri. "Ngoma zimeiva," alisema. "Tarumbeta ingesubiri kidogo."

Kufika mchana foleni ilikuwa imepita kwa kinyozi. Watu walikuja na mabakuli, mahotipoti, vikombe vya bati, na mmoja na ndoo ya rangi aliyoisugua vizuri. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapakuwa na mtu aliyepoteza muda kumhoji kata. Waliuliza maswali ya maana tu: kama kuna ya taratibu, kama kuna ya kucheza, kama mtoto wa miaka miwili anaweza kupewa gitaa.

Wimbo uliopakuliwa ulikuwa na masharti machache na watu waliyajua upesi. Uufunike mpaka ufike nyumbani, maana ukiufunua njiani wapita njia wanaumaliza. Ukitaka sauti ipande, koroga. Ukipoa unakuwa mzito na mwimbaji anavuta maneno. Kiporo chake, ukikipasha asubuhi kwa moto wa chini, ni kitamu kuliko wimbo wenyewe, ila ukikilaza sana kinachacha, na hapo mwimbaji anaanza kueleza shida zake za nyumbani. Vijana walipenda kusema, "Bibi, niongezee kiitikio," na kila mara Mzee Kiitikio aliitika, "Naam?" kutoka nyuma ya kaunta, akidhani ameitwa. Wazee waliomba ukoko. Ukoko ni ile kwaru-kwaru ya sindano inayoganda chini ya sufuria, na Bi Santuri aliukwangua kwa kijiko. Mwanzoni vijana waliuacha. Baada ya siku chache walikuwa wakiugombania, na ikabidi ugawiwe kwa zamu.

Mifuniko ilipokosekana, Bi Santuri alinyofoa kurasa kwenye majarida ya kamba, akafunikia mabakuli. Mtu akienda nyumbani anasoma mfuniko wake. Kesho yake anarudi mapema: "Bibi, jana ulinifunika pale dada anaposhuka kwenye gari na hamkuti mchumba. Naomba nifunikwe kinachofuata." Watu ambao hawakuwahi kumaliza jarida hata moja maishani walibishana kwenye foleni kuhusu yule mchumba kaenda wapi. Dereva wa lori, mtu mzima na ndevu zake, alibadilishana vipande na mwanafunzi wa chuo ili ajue.

Kuhusu bei, ilikuwa hivi. Siku ya kwanza Bi Santuri hakutaja kitu, maana mama yake alimlea kwamba mwenye kushika upawa hanyooshi mkono wa pili. Siku ya pili alitaja bei, ndogo tu, ya kununulia gesi. Kijana aliyekuwa mbele alimtazama kwa huruma.

"Lakini bibi," alisema kwa upole, "kupakua ni bure."

Foleni nzima ikathibitisha kwamba ndiyo, kupakua ni bure. Bi Santuri akamtafuta mjukuu wake, akamwona katikati ya watu na bakuli.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi," alisema mjukuu, na akaona haya, na bakuli hakulirudisha nyumbani.

Basi Bi Santuri akachovya upawa. Na si kwamba watu walikuwa wachoyo. Walimletea gesi, walimchotea maji, walimsugulia sufuria mpaka ikang'aa, walimwombea dua. Walileta kila kitu isipokuwa bei ya santuri.

Bwana afya alifika katika juma hilo. Alikagua kucha za Bi Santuri, akaingiza pua kwenye sufuria, akauliza kama chakula kinafunikwa. Akaonyeshwa mifuniko. Akauliza kama leseni ya duka ni ya muziki au ya chakula, akaambiwa ya muziki. "Basi hamnihusu," alisema, akatoa bakuli kwenye mkoba wake wa kazi, na akaomba ya taratibu kwa sababu mkewe alikuwa na presha.

Mpaka hapo boksi la Mzee Kiitikio lilikuwa halijaguswa. Mkewe ndiye aliyelianzisha, kwa sauti ya chini, wakiwa wanafunga.

"Tuweke moja jikoni."

"Hiyo ni ya kuuza."

"Moja tu. Waonje. Hawaujui, watanunuaje kitu wasichokijua? Wakishauonja watataka wa kwao."

Mzee Kiitikio alifuta boksi, akafuta tena palepale. Maneno yalikuwa na akili. Hata sokoni mtu hukatiwa kipande cha tikiti kwanza. Alitoa santuri moja, ya juu, akampa mkewe kwa mikono miwili.

Wimbo ule uliiva haraka kuliko nyingine zote, labda kwa sababu ulikuwa umesubiri sana. Sauti iliyopanda na mvuke ilikuwa ya kijana asiye na mashaka:

*Mvua imekatika, mwavuli uko wapi?*
*Uliuomba wa leo, umekaa nao mwaka.*
*Nirudishie mwavuli, jua nalo laniwakia.*

Mzee Kiitikio alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuwa na pumzi ndefu namna ile. Aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Mtaa ukaupenda. Kusema kweli ukapagawa. Kufikia Ijumaa kinyozi alikuwa akinyoa kwa mapigo yake, na vichwa vya wiki ile vilitambulika popote. Walimu waliufundishia kutoa na kujumlisha. Makondakta wa basi waliuitikia kituo hadi kituo. Watoto waliozaliwa mwezi ule walilia kwa kiitikio chake, sauti ya kwanza na ya pili, na wauguzi wakawalaza kwa makundi.

Kisha watu wakaanza kurudishiana. Hakuna aliyeagizwa, mtu aliamka tu akiwa na wimbo kooni, na mkono ukaenda wenyewe nyuma ya kabati. Miavuli ilirudi kwanza, ikafuata toroli, pasi, ngazi, mabeseni ya harusi, nyundo, na kitanda cha mtoto ambaye sasa alikuwa na watoto. Fundi cherehani alirudishiwa mkasi aliokwisha kuusamehe, na akalazimika kuomba radhi kwa mtu aliyekuwa akimshuku siku zote. Jioni mtaa ulijaa watu wamebeba vitu vya wenzao, wanapishana, wanacheka, "Samahani, jirani, nilichelewa kidogo." Ilikuwa furaha, na mwenye kusema haikuwa furaha hakuwapo. Mzee Kiitikio alikaa mlangoni akiwatazama, na moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko shati lake.

Jioni moja alikuja hata kiongozi wa bendi. Huyu alikuwa amekufa zamani, na Mzee Kiitikio mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Alikuwa na mwavuli mweusi wenye mpini wa mti, uliochongwa kichwa cha bata, na alikuwa ameupangusa.

"Nimeusikia huko," alisema. "Wanauimba huko nako. Nikaona haya."

"Karibu, kiongozi," alisema Mzee Kiitikio, akaupokea mwavuli wake.

"Nilikuwa nasubiri mvua ikatike."

"Si neno. Imekatika."

Walisimama bega kwa bega, jinsi watu wa bendi moja wanavyosimama. Kisha marehemu akatoa bakuli ndani ya koti, akapakuliwa, akaomba na ukoko.

"Na santuri yenyewe je?" Mzee Kiitikio alimuuliza. "Si ungeichukua moja? Bei ni ileile."

"Ningechukua, ndugu yangu. Lakini si unajua sanda haina mfuko."

Akasindikizwa mpaka kwenye kona.

Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Kila mtu alirudisha kila kitu, na hakuna aliyenunua wimbo. Kila siku foleni iliuomba huohuo, na kila siku Bi Santuri alimtazama mumewe, na mumewe akatoa santuri nyingine kwenye boksi, akisema huenda leo. Iliyochemshwa ilitoka laini, nyeusi, haina hata mstari. Watu wa kale waliita santuri sahani ya muziki. Sasa muziki ulikuwa unatoka, inabaki sahani, na majirani wakazichukua za kuwekea vyungu vya maua. Boksi liliendelea kushuka. Mzee Kiitikio aliendelea kulifuta vumbi, ingawa kilichobaki cha kufuta kilikuwa boksi lenyewe, mpaka siku alipoingiza mkono akakuta imebaki santuri moja.

Siku hiyo kulikuwa na manyunyu. Alishika ile ya mwisho kwenye mapaja yake, na akasema hii haitaingia jikoni.

Karibu na mchana aliingia msichana wa duka la dawa, na koti lake jeupe, hana bakuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Huu wimbo wa mwavuli, kumbe una santuri yake?"

"Ipo. Ndiyo hii."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama picha ya jaladani, yule kijana aliyejishika kiuno. "Mzuri huyu kaka," alisema. Bi Santuri, pale kwenye sufuria, alicheka peke yake.

"Inauzwa?"

"Inauzwa," alisema Mzee Kiitikio.

Msichana akauliza bei, akatajiwa. Hakuomba kupunguziwa. Aliitia kwapani ili apate mkono wa kuingiza mfukoni, na pesa ikatoka, ikaonekana. Mzee Kiitikio alikuwa amekwisha kusimama. Foleni ilinyoosha shingo bila kujua inatazama nini. Bi Santuri aliweka upawa chini na kupeleka mkono kwenye kengele, na buibui akatoka, akasogea pembeni.

"Sasa mzee," msichana aliuliza, "hii nitaipigia kwenye nini?"

Mzee Kiitikio alitazama mashine yake isiyo na sindano. Alimtazama mkewe. Swali lilikuwa la haki kabisa, na katika miaka yote ya kumsubiri kijana huyu hakuwahi kujiandaa kwa swali hilo.

"Hata sisi hapa," alisema, "hatuna."

"Aa," alisema msichana, bila ubaya wowote. Akairudisha pesa mfukoni, akaitoa santuri kwapani, akaiweka kaunta, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwema aliiweka kichwa juu. "Basi ngoja nikachukue bakuli."

Alipotoka, foleni ikarudi kwenye mabakuli yake. Ilimuuma Mzee Kiitikio, tusidanganyane, na mkewe aliona ilivyouma. Kisha mzee aliichukua ile santuri, akaitoa kwenye jalada lake, akampelekea.

"Injika."

"Ndiyo ya mwisho hii, baba."

"Injika, mke wangu. Imekaa mbichi vya kutosha."

Akachukua mwavuli wa kichwa cha bata, akachukua bakuli lake la chai, akapita mlangoni, akapita kwa fundi cherehani, akapita kwa kinyozi, mpaka mwisho wa foleni, na akasimama. Hakutanguliza mguu mbele ya mtu. Alikuwa mwitikiaji maisha yake yote, na mwitikiaji anajua kungoja.

Msichana wa duka la dawa alirudi mbio, akajipanga nyuma yake.

"Mzee, naomba nijikinge."

Mzee Kiitikio akauvuta mwavuli nyuma, ukawatosha wote wawili. Manyunyu yalipiga juu yao. Msichana akaanza kuimba polepole, *mvua imekatika, mwavuli uko wapi*, na mzee, bila kufikiri, akaitikia. Walikwenda hivyo mpaka kwa kinyozi.

"Unaitikia vizuri, mzee," msichana alisema. "Hivi yule kaka wa kwenye picha unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Yupo tu. Anasubiri zamu yake."

Zamu yake ilipofika, sufuria ilikuwa imebakiza. Bi Santuri alilipokea bakuli. Alipakua mpaka ukingoni, akakwangua ukoko wote, wa zamu yake na wa zamu za wengine, akautia juu, na akafunika kwa ukurasa ule ambao mtaa mzima ulikuwa unautafuta, yule mchumba anapoonekana. Ile sahani nyeusi alikuwa amekwisha kuikausha na kuirudisha kwenye jalada lake. Akaiweka pembeni ya bakuli.

Mzee Kiitikio akatoa pesa, akaiweka kaunta. Ilikuwa bei ya santuri, kamili.

"Rudisha pesa yako, mzee," msichana alimnong'oneza kutoka nyuma. "Kupakua ni bure."

"Najua, mwanangu."

Bi Santuri aliichukua, akaifungia kwenye droo.

"Kizuri chajiuza," alisema.

"Si nilikwambia."

Akaitia santuri kwapani, akashika bakuli mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili, akatoka. Bi Santuri akapiga kengele, kring, na mlango wa pili fundi cherehani akashtuka, suruali ya mtu ikapinda.

"Kengele ya nini hiyo, bibi?" aliuliza msichana.

"Santuri imeuzwa."

"Ee, hongera." Akasogeza bakuli lake mbele. "Niongezee kiitikio."

"Naam?" ikajibu sauti kutoka barabarani.